NUSU YA BABA, NUSU YA MAMA: Jinsi mwili unavyotengeneza mbegu za uzazi



Tunapozunguka nyumba kwa nyumba kupima utapiamlo wa watoto na kukumbusha chanjo, tunaulizwa maswali mengi. Matatu kati yake yanarudi kila mara. Mama anauliza: kwa nini nazaa wasichana tu, na sasa mume wangu anasema atatafuta mwanamke mwingine wa kumzalia mvulana? Baba anauliza: katika ukoo wetu hakuna ugonjwa wa damu, sasa huyu mtoto mwenye siko seli ameutoa wapi? Bibi anauliza: mimba ya mkwe wangu imetoka mara mbili, je, nani anamloga?

Maswali haya yanaonekana tofauti, lakini majibu yake yanaanzia mahali pamoja. Yanaanzia siku ile mwili wa baba unapotengeneza mbegu ya kiume na mwili wa mama unapotengeneza yai. Anayeelewa kazi hiyo hawezi tena kumfukuza mkewe, kumshuku mama mkwe au kumshitaki jirani kwa uchawi. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulieleza somo hili polepole.

MWILI UMEJENGWA NA NINI?

Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili wa mtu, wa mnyama na wa mmea hujengwa kwa seli. Seli ni chembe hai ndogo sana, haionekani kwa macho bila darubini. Karibu kila seli ina kiini katikati, na ndani ya kiini kuna nyuzi nyembamba zinazoitwa kromosomu. Nyuzi hizo zimebeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Ndizo zinazoamua kundi la damu, rangi ya ngozi, umbo la pua na mambo mengine mengi tunayorithi kwa wazazi.

Binadamu ana kromosomu 46. Idadi hiyo ilihesabiwa sawasawa mwaka 1956 huko Uswidi na wataalamu wawili, Joe Hin Tjio na Albert Levan. Kabla ya hapo vitabu viliandika 48.

Kromosomu hizo 46 ni jozi 23. Tufikirie jozi 23 za viatu vilivyopangwa mlangoni. Katika kila jozi, kiatu kimoja kilitoka kwa baba na kingine kilitoka kwa mama. Wataalamu wamezipa jozi hizo namba kuanzia 1 hadi 22, na jozi ya 23 ndiyo inayoamua jinsia.

Kila kiumbe kina hesabu yake. Mahindi yana kromosomu 20, maharage 22, viazi mviringo 48, ng'ombe na mbuzi 60, kuku 78. Gorila wa milima ya Virunga, hapa juu yetu, ana 48. Idadi kubwa haimaanishi akili nyingi. Kama ingekuwa hivyo, kuku angetushinda.

SELI HUGAWANYIKA KWA NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni ya kila siku. Ukijikata na kisu, baada ya siku chache kidonda kinafunga, kwa sababu seli za ngozi zimegawanyika na kuziba nafasi. Seli moja hunakili kromosomu zake zote, kisha hugawanyika mara moja na kutoa seli mbili, kila moja ikiwa na 46 kamili. Watoto hukua kwa njia hiyo, na damu mpya hutengenezwa kwa njia hiyo. Njia hii inaitwa mitosisi.

Njia ya pili inafanyika mahali pawili tu: katika korodani za mwanamume na katika ovari za mwanamke, yaani vifuko vya mayai. Huko seli hunakili kromosomu zake mara moja lakini hugawanyika mara mbili. Mwishoni kila seli inabaki na kromosomu 23, nusu ya zile za mwanzo. Njia hii inaitwa meiosisi. Seli zinazotokana nayo ndizo mbegu za uzazi: mbegu ya kiume na yai la kike.

KWA NINI NUSU?

Tufanye hesabu. Kama mbegu ya baba ingekuwa na kromosomu 46 na yai la mama 46, mtoto angekuwa na 92. Mjukuu angekuwa na 184, na kitukuu 368. Mwili usingeweza kuishi hivyo. Kwa hiyo kila mzazi hutoa nusu. 23 za baba na 23 za mama zinapokutana, zinarudisha 46.

Aliyeonyesha jambo hili ni Mbelgiji Edouard van Beneden, mwaka 1883. Alichunguza mayai ya mnyoo wa farasi, ndugu wa karibu wa ile minyoo mirefu ya tumboni ambayo tunawapa watoto dawa ili itoke. Mnyoo huyo ana kromosomu chache sana na kubwa, kwa hiyo ni rahisi kuzihesabu. Van Beneden aliona kwamba yai linaleta kromosomu 2, mbegu ya kiume inaleta 2, na yai lililotungwa lina 4. Hakuna mzazi aliyeleta zaidi ya mwenzake.

Na je, nusu ikishindikana inakuwaje? Tuangalie mgomba. Ndizi zetu za kupika, na ndizi mbivu nyingi za kula, zina kromosomu 33, yaani seti tatu za 11. Vitu vitatu havipangiki kwa jozi. Kwa hiyo mgomba unashindwa kugawa nusu sawasawa, na ndizi inakomaa bila mbegu. Ndiyo maana hakuna anayepanda mbegu ya ndizi: tunang'oa chipukizi na kulihamisha. Lakini chipukizi ni mgomba uleule, halina mchanganyiko mpya. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa Masisi mwaka 2001 na kufika hapa Rubavu mwaka 2005, na karibu aina zote za ndizi zetu zilikuwa dhaifu mbele yake. Pale ambapo kila kizazi kinachanganya nusu mbili, watoto wanakuwa tofauti, na ugonjwa unaompiga mmoja unaweza kumwacha mwingine.

KAZI INAFANYIKA HIVI, HATUA KWA HATUA

1. Kunakili. Seli inanakili kila kromosomu. Kila moja inakuwa na nakala mbili zilizoshikana katikati, mfano wa herufi X.

2. Kukutana. Kromosomu iliyotoka kwa baba inalala ubavuni mwa mwenzake iliyotoka kwa mama. Hapo zinabadilishana vipande. Fikiria mafundi wawili wa kushona wanaokata vipande vya kitenge vya kipimo kilekile na kubadilishana. Kila kitenge kinabaki na urefu wake, lakini maua yake yamechanganyika.

3. Mgawanyiko wa kwanza. Jozi zinaachana. Moja inakwenda upande huu, mwenzake upande ule. Hakuna anayechagua ipi iende wapi. Zinapatikana seli mbili, kila moja ikiwa na kromosomu 23 ambazo bado zina nakala zake.

4. Mgawanyiko wa pili. Nakala zilizoshikana zinaachana. Sasa ziko seli nne, kila moja na kromosomu 23 zisizo na wenzao.

Turudi kwenye viatu vyetu. Ni kama mtu anayeingia gizani na kuchukua kiatu kimoja kutoka katika kila jozi. Anatoka na viatu 23. Baadhi vilitoka kwa baba yake, baadhi kwa mama yake. Akirudia, atatoka na mchanganyiko mwingine. Ukihesabu njia zote zinazowezekana, ni 8,388,608, hata kabla ya kuhesabu vile vipande vilivyobadilishwa. Ukizidisha za baba kwa za mama, zinapita trilioni 70.

Ndiyo sababu watoto wa tumbo moja hawafanani kabisa, isipokuwa mapacha waliotoka katika yai moja. Ndiyo sababu pia mtoto anaweza kuzaliwa na sura ya bibi yake mzaa baba, au mrefu kama mjomba wake. Kiatu cha bibi kilikuwa kimekaa ndani ya baba muda wote, hakikuonekana. Kwa hiyo, mzee, mtoto asipofanana nawe usikimbilie kusema si wako.

BABA NA MAMA HAWAFANYI KAZI HII KWA WAKATI MMOJA

Kwa mwanamume, kazi inaanza anapobalehe na kuendelea mpaka uzeeni. Seli moja inatoa mbegu nne. Mbegu moja inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa na kukomaa, lakini kwa kuwa seli nyingi zinafanya kazi pamoja, mwanamume mwenye afya hutengeneza makumi ya mamilioni kila siku.

Kwa mwanamke ni tofauti sana. Kazi inaanza kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Mtoto wa kike akiwa tumboni, mimba ikiwa na miezi mitano hivi, ovari zake zina chembe za mayai kati ya milioni 6 na milioni 7. Chembe hizo zinaanza meiosisi, zinafika hatua ile ya kukutana, kisha zinasimama na kungoja. Anapozaliwa zimebaki milioni 1 au 2. Anapovunja ungo zimebaki laki tatu au nne. Kuanzia hapo, kwa kawaida yai moja linaamka kila mwezi na kumaliza mgawanyiko wa kwanza. Mgawanyiko wa pili unamalizika pale tu mbegu ya kiume inapoingia. Katika maisha yote ya mwanamke, mayai yanayokomaa na kutoka ni kama 400 tu.

Na katika seli nne zinazotarajiwa, mwanamke anapata yai moja kubwa. Nyingine ni vichembe vidogo vinavyokufa. Yai linabakiza chakula chote kwa ajili ya siku za kwanza za mtoto.

Tafakarini jambo hili. Wengi wetu tulivuka mpaka mwaka 2012, na wengine tangu mwisho wa mwaka 2022, tukapokelewa Nkamira. Mtoto aliyezaliwa na mama wa miaka 25 baada ya safari hiyo, yai lake lilianza kutengenezwa bibi yake alipokuwa na mimba ya mama yake, robo karne nyuma, labda Rutshuru au Masisi, kabla ya hema na kabla ya foleni ya mgawo. Tulikimbia bila mizigo, lakini mzigo huu haukuachwa nyuma.

Sasa tuyajibu yale maswali matatu.

JOZI NAMBA 23: NANI ANALETA MVULANA?

Katika jozi ya 23, mwanamke ana kromosomu mbili zinazofanana, zinaitwa X na X. Mwanamume ana X na Y. Aliyeonyesha kwamba kromosomu ndiyo inayoamua jinsia ni mwanamke, Mmarekani Nettie Stevens, mwaka 1905. Alichunguza mdudu mdogo anayekaa kwenye unga.

Mama anapogawa nusu, kila yai lake linapata X. Hana Y ya kutoa. Baba anapogawa nusu, nusu ya mbegu zake zinapata X na nusu zinapata Y. Mbegu yenye X ikiwahi, ni msichana. Mbegu yenye Y ikiwahi, ni mvulana.

Kwa hiyo baba anayemfukuza mkewe kwa kuzaa wasichana watupu anamdai kitu ambacho mke hana na hakuwahi kuwa nacho. Lakini pia hatusemi sasa tumgeukie baba. Yeye naye hachagui. Ni kama kurusha sarafu. Ukirusha mara tano, katika kila watu 32 wanaorusha, kwa wastani wawili watapata upande uleule mara zote tano. Ndivyo ilivyo: katika kila familia 32 zenye watoto watano, tunatarajia moja iwe na wasichana watupu, na nyingine moja wavulana watupu.

Na mimba ya sita haikumbuki zile tano zilizopita. Nafasi inabaki ileile, karibu nusu kwa nusu. Hakuna chakula, dawa ya kienyeji wala siku ya mwezi inayoweza kuhakikisha mvulana. Kuoa mke mwingine nako hakubadilishi sarafu, maana anayebeba sarafu ni mume mwenyewe.

JOZI NAMBA 11: SIKO SELI IMETOKA WAPI?

Siko seli, au drepanositozi kama wanavyosema madaktari wa Kongo, ni ugonjwa wa kurithi. Jeni yake iko kwenye jozi namba 11. Inatoa maagizo ya kutengeneza kile kinachobeba hewa ndani ya damu. Jeni nzima tunaiita A. Ile iliyobadilika tunaiita S. Mtu mwenye S mbili, seli zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa na kuvunjika mapema. Hapo yanakuja maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, macho ya manjano na maambukizo.

Kuna watu wa namna tatu:

AA: hana S. Ni mzima na hawezi kumpa mtoto S.
AS: ana A moja na S moja. Kwa kawaida haugui, anaweza kulima na kubeba mzigo mpaka uzee bila kujua. Lakini anaweza kumpa mtoto S.
SS: ana S mbili. Huyu ndiye mgonjwa.

Mnaona sasa jinsi ukoo unavyoweza kubeba S bila kuonekana ugonjwa. Baba ni AS na mama ni AS, wote wazima. Baba anapotengeneza mbegu, jozi namba 11 inaachana: nusu ya mbegu zinapata A, nusu zinapata S. Mama vilevile. Mtoto wa SS anapatikana S ya baba inapokutana na S ya mama. Mmoja peke yake hawezi kumpa mtoto ugonjwa huu. Lazima nusu zitoke pande mbili.

Jaribuni wenyewe nyumbani pamoja na watoto. Chukueni vikopo viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Katika kila kikopo tieni harage moja jeupe (A) na harage moja jekundu (S). Fumbeni macho, toeni harage moja katika kila kikopo, andikeni mlichopata, kisha rudisheni kila harage kikopo chake. Rudieni mara 40. Mtaona mekundu mawili yanatoka karibu mara 10, meupe mawili karibu mara 10, na mchanganyiko karibu mara 20.

Zingatieni yale maneno "rudisheni kila harage kikopo chake". Watu husema: "Tumeshapata mtoto mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Sivyo. Kila mimba ni bahati nasibu mpya. Kwa wazazi wawili wa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Wengine wanapata wagonjwa wawili mfululizo, wengine hawapati hata mmoja kati ya sita.

Kwa nini S ni nyingi katika nchi zetu? Mwaka 1949 madaktari Lehmann na Raper walitangaza vipimo vyao vya Uganda. Kwa Baamba wa Bundibugyo, ng'ambo ya mto Semliki kutoka Kongo, waliwakuta watu karibu 45 kati ya 100 wakiwa na S. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza sababu: mtoto wa AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Zamani, mahali penye mbu wengi, watoto wa AS walinusurika zaidi wakakua na kuzaa. S ilienea kwa njia hiyo, bila mkono wa mchawi wala laana ya ukoo.

Mambo ya kufanya:

- Vijana mnaopanga kuoana, ulizeni kwenye kituo cha afya juu ya kipimo cha damu cha siko seli. Kisipopatikana hapo, muuguzi atawaelekeza hospitali inayokifanya. Majibu ni siri yenu.
- Mkiwa wote AS, hakuna anayewakataza kuoana. Mnapata kujua mapema, na mtoto wenu anaweza kupimwa tangu akiwa mchanga.
- Mkiwa mmoja AA na mwingine AS, hakuna mtoto wenu atakayekuwa SS. Mmoja akiwa SS na mwenzake AS, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu.
- Mtoto wa SS anywe maji ya kutosha, avikwe nguo za joto kwa sababu usiku wa huku kwetu ni baridi, alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote na asikose dawa alizoandikiwa.
- Mpeleke haraka kituo cha afya akiwa na homa, maumivu yasiyotulia kwa dawa, vidole au miguu iliyovimba, pumzi ya shida, weupe wa viganja, tumbo lililovimba ghafla upande wa kushoto, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Usingoje asubuhi.

Mtoto wa SS anayetunzwa vizuri anaweza kusoma, kufanya kazi na kuwa mzazi. Anayefichwa nyumbani au kuzungushwa kwa waganga anaweza kufa kabla ya miaka mitano.

JOZI NAMBA 21: KAZI INAPOKOSEA

Kazi kubwa namna hii haiwezi kukosa hitilafu. Mara nyingine jozi inakataa kuachana, na kromosomu zote mbili zinakwenda upande mmoja. Yai moja linapata 24 badala ya 23, jingine linapata 22. Mbegu za kiume nazo zinaweza kukosea hivyo.

Mara nyingi mimba ya namna hiyo haiendelei. Katika mimba zinazotoka zenyewe ndani ya miezi mitatu ya kwanza, karibu nusu au zaidi zina hesabu ya kromosomu iliyokosewa. Mama hakufanya kosa. Si kwamba alikula kitu fulani, si kwamba aligombana na mtu, na hakuna aliyemloga. Wengi wao wanabeba mimba nyingine na kujifungua salama. Lakini sababu nyingine zipo pia, kama malaria na kaswende, na hizo zinatibika. Kwa hiyo mama anayetokwa na damu akiwa na mimba aende kituo cha afya mara moja, na aliyepoteza mimba zaidi ya mara moja apimwe.

Mara nyingine mtoto anazaliwa na kuishi. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47, kwa kuwa namba 21 ziko tatu. Watoto hawa wanachelewa kukaa, kutembea na kusema, na baadhi wana matatizo ya moyo, lakini wanajifunza wakifundishwa kwa uvumilivu.

Hali hii inaweza kumpata mama wa umri wowote, ila nafasi inaongezeka na umri. Kwa mama wa miaka 20 na kitu ni kama mtoto 1 kati ya 1,500 au pungufu kidogo. Kwa mama wa miaka 40 ni kama 1 kati ya 100. Sababu tumeshaiona juu: yai la mama wa miaka 40 limengoja miaka 40, na vishikizo vya jozi vinachoka. Hilo ni neno la kumsaidia mama kupanga uzazi wake. Si neno la kumlaumu.

TUKUMBUKE

1. Kila mzazi anatoa kromosomu 23. Mtoto ni nusu kwa nusu.
2. Nusu hiyo haichaguliwi na mtu. Ni bahati nasibu, na kila mimba inaanza upya.
3. Jinsia inategemea mbegu ya baba, na baba naye hachagui.
4. Siko seli inahitaji S mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kipimo cha damu kinaonyesha nani ana S.
5. Mimba kutoka mapema mara nyingi ni hitilafu ya kugawa kromosomu. Uchawi hauhusiki, lakini kupimwa kunahusika.
6. Mtoto asiyefanana nawe amechukua viatu vya wazee wako.

Ndugu zetu, tumeshapoteza mashamba, nyumba na watu. Tusivunje na familia zilizobaki kwa kosa ambalo hakuna aliyelitenda. Mwenye swali amwite mhudumu wa afya wa kijiji chake anapopita, au afike kituo cha afya saa za kazi. Kina baba, tunawaomba mje pamoja na wake zenu, kwa maana katika jambo hili kila mmoja alileta nusu.